Kosa Lenye Ratiba Yake

Mtambo uliokufa haumpi fundi shida. Umelala, na utaendelea kulala mpaka afike. Atapima, ataona fyuzi imeungua, ataweka nyingine, atachukua hela yake na kuondoka. Shida ni ule uliozimika saa nne kasorobo, ukawaka wenyewe saa nne na dakika mbili, na fundi anaposhuka kwenye bodaboda saa tano anaukuta unafanya kazi bila dosari. Mwenye jengo anamtazama. "Fundi, mbona sasa hivi iko sawa?" Fundi hana la kujibu, na siku kama hiyo huondoka na nauli tu.

Mafundi wa mjini hulieleza tatizo hilo kwa maneno mawili: inakata, inarudi. Linaweza kuwa la taa, la gari au la redio. Sura hii inahusu lile linalopiga mawasiliano kati ya mtambo na mtambo, kwa sababu ndilo linalokula siku nyingi za kazi, na ndilo ambalo hata wahandisi waliosoma wakabobea huishia kulisingizia mkosi. Nina dai moja tu. Kosa la namna hii halibahatishi. Lina ratiba, ila ratiba yenyewe si ya mtambo unaolalamika. Ni ya kitu kingine kilicho jirani nao, na fundi anayetangulia na bisibisi kabla hajaijua ratiba hiyo anafuta ushahidi kwa mikono yake.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, panaweza kuonekana si mahali pa kuanzia mazungumzo haya. Watu wanapajua kwa vitenge, simu, viatu na marobota. Lakini simama mbele ya soko kuu, lile alilolibuni Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, kisha uinue macho. Nyumba za Kiswahili zenye baraza zimebaki za kuhesabu. Zilizochukua nafasi yake ni maghorofa, na kila ghorofa ni kiwanda kidogo. Chini kuna pampu inayosukuma maji hadi tangi la juu. Nyuma kuna jenereta yenye kidhibiti kinachojua umeme wa TANESCO umekatika na kinachoamua lini iwake. Kuna lifti ya watu na mara nyingi ya mizigo. Vyote hivyo vinaongea. Tembea kidogo uone zaidi: milango na tiketi za mwendokasi uliokuja mwaka 2016, kiwanda cha bia cha Mtaa wa Uhuru kule Ilala, kituo cha kupozea umeme cha Ilala, na reli ya kisasa ambayo treni zake, zilizoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, hupokea ruhusa ya kusonga mbele kwa redio. Mazungumzo hayo yakikatika kwa sekunde chache tu, kuna kitu kitasimama: maji, lifti au treni.

Lugha inayotumika zaidi katika vyumba vya pampu na vya jenereta ni Modbus, iliyotolewa mwaka 1979 na kampuni ya Kimarekani iitwayo Modicon. Ni ya kizamani na haina siri, na naamini ndiyo sababu haijafa. Kanuni yake ni ya mwalimu anayeita mahudhurio: mmoja anauliza, aliyetajwa namba ndiye pekee anayejibu, wengine wote kimya. Mara nyingi maneno hayo hupita kwenye waya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao RS-485 uliowekwa mwaka 1983. Kifaa hakiangalii waya mmoja una volti ngapi. Kinaangalia tofauti kati ya waya na mwenzake, na tofauti ya volti 0.2 inatosha kusomeka. Kwa hiyo fujo inayozipiga waya zote mbili kwa pamoja haidhuru kitu, mradi volti za pamoja zisivuke mpaka ambao kifaa kinauvumilia, yaani kati ya volti 7 chini ya sifuri na 12 juu yake.

Sasa tazama muda. Kwa kasi ya kawaida ya biti 9,600 kwa sekunde, swali la baiti 8 linachukua milisekunde kama 9 kupita. Cheche ya swichi kubwa, au mpigo wa inveta, kile kifaa kinachoendesha mota kwa kasi inayotakiwa, inaweza kuisha kwa muda mfupi kuliko huo. Ikipita wakati waya ziko kimya, hakuna anayejua. Ikipita katikati ya neno, namba ya uhakiki iliyo mwishoni mwa ujumbe inakataa, ujumbe unatupwa, na aliyeuliza anabaki anasubiri jibu. Asipolipata, anauliza tena. Kwa kawaida hujaribu mara tatu hivi kabla ya kupiga alamu kwamba mawasiliano yamepotea.

Hapa mafundi wengi huteleza. Alamu si kosa la kwanza. Ni kosa la tatu mfululizo. Fanya hesabu uone. Tuseme mstari wako unapoteza ujumbe mmoja katika kila mia, na mtambo unauliza maswali kumi kila sekunde. Kwa siku hayo ni maswali 864,000. Uwezekano wa kukosa mara tatu mfululizo ni mmoja katika milioni. Kwa hiyo mstari huo mbovu utapiga alamu kama mara moja kwa siku, au hata siku nyingine usipige kabisa, na kila mtu atasema ni mzima, ila una mkosi kidogo. Acha upotevu upande kutoka mmoja hadi wawili katika mia. Alamu hazitaongezeka mara mbili. Zitaongezeka mara nane. Ukifika watano katika mia, ni alamu zaidi ya mia kwa siku. Ndiyo maana mwenye jengo anaapa kwamba tatizo limeanza Jumatatu, wakati waya ulianza kuoza mwaka juzi.

Kutokana na hesabu hiyo, kitu cha kwanza kutafuta ni kaunta ya makosa, si alamu. Karibu kila kidhibiti cha kisasa kinahesabu ndani yake jumbe zilizokataliwa na maswali yaliyorudiwa, na karibu hakuna anayefungua ukurasa huo. Kama kidhibiti hakina kaunta, adapta ndogo ya kugeuza RS-485 iingie kwenye kompyuta inapatikana kwa bei ya kawaida madukani. Ifunge iwe msikilizaji tu, iandike kila swali na kila jibu pamoja na saa yake. Kosa lililokuwa linaonekana mara moja kwa siku sasa litaonekana mara mia kadhaa kwa saa, na kitu kinachotokea mara mia kinaweza kuchorwa.

Lakini kabla ya kuchora kuna suala la saa, na Dar es Salaam suala hilo lina vituko vyake. Mlinzi ameandika kwenye kaunta buku lake kwamba pampu ilikata saa 2 asubuhi. Jenereta, ambayo saa yake imewekwa sawasawa, imeandika 08:00. Kidhibiti cha lifti kimetoka China na hakuna aliyewahi kugusa saa yake, kwa hiyo kimeandika 13:00. Mtu asiyefikiri ataona matukio matatu tofauti, moja la asubuhi sana, moja la kazini na moja la mchana, na ataandika ripoti kwamba hakuna uhusiano wowote. Ni tukio moja. China imetutangulia kwa saa tano, na saa za mlinzi zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kuna na aina ya nne, mbaya kuliko hizo: kidhibiti ambacho betri yake ndogo imekwisha, kila umeme ukikatika kinarudi tarehe 1 Januari ya mwaka fulani wa zamani. Siku ya kwanza ya kazi nzito kama hii haina bisibisi hata kidogo. Ni ya kupita kila kifaa, kuandika saa inayoonyesha, na pembeni yake saa halisi ya simu yako.

Tuchukue jengo. Ni la kufikirika, lakini halina kitu ambacho hakipo mtaani. Lina ghorofa nane. Maduka yako chini, ghorofa tatu za juu ni stoo za mizigo. Lifti ya mizigo ina mashine yake juu ya paa, na mashine inaendeshwa na inveta. Tangi la maji liko paani pia, na sensa yake ya kiwango inazungumza na kidhibiti cha pampu kilicho chini kabisa, kwa kebo inayoshuka kwenye kishimo cha nyaya. Mawasiliano yanakata, yanarudi. Yakikata, kidhibiti kinasimamisha pampu kwa usalama, kisije kikajaza tangi mpaka likamwagika. Ghorofa za juu zinakosa maji, wapangaji wanapiga simu.

Sensa imebadilishwa. Kadi ya mawasiliano imebadilishwa mara mbili. Nina maoni makali kuhusu hili: kubadilisha kadi kabla ya kupima ni njia ya kulipwa bila kufikiri, na mbaya zaidi, mara nyingi huonekana imefanikiwa. Kitendo cha kufungua skrubu na kukaza upya kinaweza kuponya kiungo kilicholegea kwa wiki mbili, na kwa wiki mbili hizo kadi mpya inapata sifa isiyo yake.

Fundi wa tatu anafika, haendi paani. Anakwenda kwa mlinzi, mzee aliyekaa mlangoni tangu jengo lifunguliwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na wewe kwa ajili ya pampu?"

"Ndiyo, mzee. Siku inapokata, huwa kuna nini hapa?"

Mzee anafikiri. "Hapa kila siku kuna vurugu. Lakini zaidi ni asubuhi, wakiwa wanashusha mzigo. Jumapili haikati kabisa."

Hiyo ndiyo ratiba, na imetolewa bure. Fundi anaweka kompyuta yake isikilize mstari, anakaa na kaunta buku karibu na mlango wa lifti, anaandika kila safari: saa, inapanda au inashuka, ina mzigo au tupu. Jioni anaweka karatasi mbili pamoja. Makosa hayaji kila lifti inapotembea. Lifti ikipanda na mzigo, mstari ni safi. Ikishuka na marobota, kaunta inaruka. Na kuna jambo la ajabu zaidi: ikipanda tupu, inaruka pia.

Mtu asiyezijua lifti angeutupa mchoro huo kama upuuzi. Anayezijua ameshapata jibu. Kisanduku cha lifti kimefungwa kwa kamba na uzito wa kusawazisha upande wa pili, na uzito huo ni mzito kuliko kisanduku kitupu. Kisanduku kilichojaa kikishuka, kinavutwa na uzani wake chenyewe. Kisanduku kitupu kikipanda, kinavutwa na ule uzito wa pili. Katika hali zote mbili mota haisukumi, inazuia. Inageuka jenereta, na umeme inaozalisha unarudi kwenye inveta, ambayo haina pa kuupeleka. Kwa hiyo inaumwaga kwenye rezista ya breki, boksi la chuma linalowaka moto kama pasi, kwa kuufungua na kuufunga mkondo mara nyingi sana kila sekunde. Boksi hilo huwekwa mbali kidogo ili joto lisisumbue inveta. Waya wake unapita juu ya paa. Na aliyefunga sensa ya tangi, akitafuta kitu cha kuegemeza kebo yake, aliifunga kwa zipu kwenye waya huohuo, mita kumi na mbili, kwa unadhifu wa kupendeza.

Lifti haikuwahi kulalamika. Haikuwa na alamu hata moja. Ndiyo maana hakuna aliyeitazama. Orodha ya vifaa vilivyokosa mawasiliano ni orodha ya waliopigwa, na mpigaji kwa kawaida hayumo.

Si kila kosa lina mpigaji wa namna hiyo. Mengine ratiba yake ni ya mbinguni. Masika yanaingia Machi na kuendelea hadi Mei, maji yanapenya kwenye boksi la kuungia waya lililowekwa mdomo ukitazama juu, na kosa linakuja mvua ikinyesha, linaondoka jua likikausha. Hewa ya bahari haiko mbali, na chumvi yake inatosha kuotesha kutu ya kijani kwenye shaba iliyo wazi. Chini ya bati, saa 8 mchana, skrubu na waya vinatanuka kwa viwango tofauti, na usiku vinanywea. Kiungo kilichokazwa nusu kinakata mchana tu. Ukiona kaunta yako inafuata jua, usihangaike na programu. Panda juu na tochi.

Mengine ni ya kujitakia, na vipimo vyake ni rahisi kiasi cha kukera. RS-485 inataka rezista moja ya omu 120 katika kila mwisho wa mstari, mbili tu, ili ishara ikifika mwisho isirudi nyuma na kugongana na inayofuata. Zima umeme, weka mita kati ya waya hizo mbili. Ukisoma karibu omu 60, rezista zote mbili zipo. Ukisoma 120, mojawapo haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu, pengine kwa kusukuma kitufe kidogo pembeni mwa kifaa bila kujua ni cha nini. Kipimo hiki ni cha dakika moja, na bado nimeona kikirukwa na watu wenye osiloskopu begani.

Kisha kuna waya wenyewe, na hapa Kariakoo inarudi katika habari kama mhusika. Fundi akiishiwa kebo hushuka mtaani, na mtaani kuna kebo za aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni shaba tupu. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Si lazima iwe bandia: boksi nyingi zimeandikwa wazi herufi CCA, na muuzaji mwaminifu atakwambia mwenyewe kwamba hii ni ya bei rahisi. Tatizo ni zile zisizoandikwa, ndizo ambazo Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango huzisaka pamoja na bidhaa nyingine za namna hiyo. Lakini huhitaji kumsubiri mkaguzi. Inua boksi la mita 305: la alumini ni jepesi kwa namna inayoshtua mkono uliozoea shaba. Menya waya mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu: shaba itabaki nyekundu hadi ndani, alumini itatoa weupe baada ya mkwaruzo wa pili au wa tatu. Na kama muuzaji anakuruhusu kuzifikia ncha zote mbili, ziunganishe waya mbili za jozi moja upande mmoja, upime upande wa pili. Shaba nzuri itasoma omu hamsini na kitu kwa boksi zima. Alumini itakwenda themanini na zaidi.

Ukinzani huo peke yake haungeua mstari wa Modbus wa ghorofa nane. Kinachoua ni tabia ya alumini chini ya skrubu. Inabonyea taratibu, skrubu inabaki imekaza hewa, na sehemu iliyo wazi inavaa ngozi ngumu isiyopitisha umeme. Kwa miezi sita ya mwanzo kila kitu kiko safi, fundi ameshalipwa na kusahaulika. Baadaye kiungo kinaanza kukata lori likipita, au mlango wa paneli ukifungwa kwa nguvu. Ukigonga paneli kwa nyuma ya bisibisi na kaunta ikaruka, hapo hakuna falsafa.

Mitandao ya kisasa inayotumia Ethernet imeondoa baadhi ya matatizo haya na kuleta yake. Tarehe 19 Agosti 2006, katika kinu cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, pampu mbili kubwa za kuzungushia maji kwenye kinu namba 3 zilisimama ghafla, na waendeshaji wakalazimika kukizima kwa mkono. Uchunguzi ulielekeza kwenye mafuriko ya jumbe katika mtandao wa udhibiti: vidhibiti vya inveta za pampu vilizidiwa na jumbe ambazo hata hazikuwa zao. Waya hazikuwa mbovu. Waliokuwa wanaongea walikuwa wengi mno kwenye chumba kimoja. Ninaitaja kwa sababu nasikia mara nyingi mtu akijisifu kwamba ameunganisha kamera, simu, Wi-Fi ya wapangaji na kidhibiti cha jenereta kwenye swichi moja, na ameokoa hela.

Mfano bora wa ratiba iliyofichika, kuliko yote ninayoijua, uko Singapore. Mwishoni mwa Agosti 2016, treni za njia ya chini ya ardhi iitwayo Circle Line zilianza kupoteza mawasiliano na kupiga breki za dharura zenyewe. Zikatulia. Mapema Novemba zikaanza tena. Tarehe 5 Novemba, kikundi cha wataalamu wa takwimu wa serikali kilipewa orodha ya matukio: saa, mahali, namba ya treni, upande inakoelekea. Walianza kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Je, ni saa fulani? Hapana, yametapakaa. Ni stesheni fulani? Hapana. Ni treni fulani? Hapana, zilizopigwa ni nyingi na tofauti.

Ndipo walipochora mchoro wa zamani, ambao Mfaransa Étienne-Jules Marey aliusambaza katika karne ya 19: stesheni upande mmoja, saa upande wa pili, na kila tukio nukta. Zile nukta zilizoonekana zimemwagwa ovyo zilijipanga katika mistari ya mshazari. Tukio la kwanza stesheni moja, linalofuata muda mfupi baadaye stesheni ya jirani, kisha inayofuata, kwa mwendo uleule wa treni. Kuna kitu kilikuwa kinatembea kwenye njia ya pili, upande wa kinyume, na treni zilizopishana nacho zilikuwa zikikatika. Kitu hicho chenyewe hakikuwa kwenye orodha, kwa kuwa hakikuwahi kukatika. Wakaenda kwenye picha za video za stesheni kuona ni treni gani iliyokuwa ikipita saa hizo. Ilikuwa PV46.

Na sasa suala la uthibitisho, ambalo huku kwetu huachwa njiani. Kosa la kukata na kurudi likinyamaza, haimaanishi limekwisha; kunyamaza ni tabia yake. Kama lilikuwa likija mara moja kwa wiki, wiki moja ya utulivu haikuambii chochote, na wiki tatu ndizo zinaanza kukuambia kitu. Njia ya mkato ni moja, na inahitaji ujasiri kidogo: urudishe ubovu kwa makusudi, uone kama kosa nalo linarudi. Singapore walifanya hivyo kesho yake, Jumapili tarehe 6 Novemba. Waliiingiza PV46 njiani wakati abiria ni wachache. Kabla haijaingia, hakuna treni iliyokatika. Ilipoingia, zilizopita karibu nayo zikaanza kupoteza mawasiliano na kupiga breki. Baadaye ilibainika kwamba vifaa vyake vya mawasiliano vilikuwa vinatoa ishara zinazovuruga za wenzake.

Kwenye paa la jengo letu jaribio hilo halina gharama yoyote. Kata zipu, itenge kebo ya sensa na waya wa rezista ya breki, acha kaunta ihesabu kwa wiki nzima ya kazi pamoja na asubuhi zake za marobota. Kisha, asubuhi moja tu, ifunge tena palepale ilipokuwa, uombe lifti ishushe mzigo mara kadhaa, uandike. Mwenye jengo atakuuliza kwa ukali kwa nini unarudisha ugonjwa uliokwisha kuutibu, tena saa ambayo wapangaji wanataka maji. Mwonyeshe zile kurasa mbili za kaunta buku, ya wiki na ya asubuhi hiyo, kisha ukate zipu kwa mara ya mwisho na umpe hesabu yako ya malipo.